Watoto 140, Walimu Watatu

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wajumbe wa kamati za shule, Ng'ambo, Tabora



Tabora ni mji wa shule. Mgeni akishuka stesheni, haipiti siku ya pili hajaonyeshwa Tabora Boys, alikoingia Julius Nyerere mwaka 1937 akitokea Shule ya Mwisenge, Musoma. Ataonyeshwa pia Milambo, iliyokuwa ikiitwa St. Mary's, ambako Nyerere huyo huyo alikuja kufundisha baada ya kumaliza Makerere. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini watoto wengi wa mkoa huu hawaanzii huko. Wanaanzia kwenye shule ya vyumba vitatu au vinne, yenye watoto mia na kitu na walimu watatu, mbali na lami, nyuma ya mbuga ambayo ikijaa maji mwezi wa pili hakuna bodaboda inayovuka. Shule hizo ziko Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Nzega na Igunga. Ziko hata ndani ya Manispaa yetu, ukishauacha mji nyuma. Wengi wenu hapa mmesoma huko, au wajomba zenu bado wanapeleka watoto huko.

Nimefundisha katika shule za namna hiyo, na tangu nistaafu nimeendelea kuzitembelea. Nataka kusema jambo moja kuzihusu. Sehemu kubwa ya udhaifu wa shule hizi unaosemwa inatokana na hesabu inayogawa walimu na fedha kwa kichwa cha mtoto, hesabu inayoifaa shule kubwa na kuinyonga ndogo. Na nguvu yao kubwa, ile ya kumjua kila mtoto na nyumba alikotoka, haimo katika fomu hata moja tunayoipeleka wilayani.

Shule hizi hazikuzuka hovyo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tura, Rubuga na Kigwa ndipo ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea magharibi hadi Uvinza na Ujiji. Babu zetu walioibeba mizigo ya njia hiyo walikwenda pwani na kurudi na Kiswahili. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na shule za misheni na za serikali ya kikoloni zikajengwa karibu na reli, karibu na parokia, karibu na makao ya watemi. Aliyekuwa ndani ya miombo na mizinga yake ya nyuki alisubiri. Alisubiri hadi Operesheni Vijiji na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto aliyefikia umri awe darasani ifikapo 1977. Miaka hiyo wananchi walifyatua tofali, wakachoma, wakakata nguzo na kuezeka nyasi. Shule nyingi za vijiji vyetu zina umri huo, na bati lilikuja baadaye sana.

Kisha watu wakasogea tena. Ardhi ya tumbaku huchoka, na mkulima anafuata msitu mpya. Mfugaji anafuata malisho. Kitongoji kikazaliwa mahali ambapo miaka kumi nyuma palikuwa pori, na shule ikabaki ilipojengwa. Ndiyo maana tukapata shule shikizi: darasa moja au mawili yanayosimama kitongojini chini ya usimamizi wa shule mama, ili watoto wadogo wasitembee mbali. Mwaka 2021, zilipokuja fedha za UVIKO, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi, kila chumba kwa shilingi milioni 20. Iwekeni kichwani milioni hiyo 20, nitairudia.

Sasa niwapeleke darasani. Ni upande wa Uyui, mwezi wa tatu, saa mbili na nusu asubuhi. Darasa la kwanza na la pili wamo chumba kimoja. Ubao umegawanywa katikati kwa mstari wa chaki, na madawati ya darasa la pili yako upande wa dirishani. Mwalimu, kijana wa miaka isiyofika thelathini, anawaandikia darasa la pili hesabu sita za kutoa, halafu anawageukia darasa la kwanza, ambao wamekaa na vizibo vya soda mbele yao wakihesabu mafungu. Binti mmoja wa darasa la pili anamaliza hesabu zake kabla ya wenzake. Bila kuambiwa, anavuka mstari, anaketi kando ya mtoto wa darasa la kwanza anayeandika 6 ikawa 9, anamshika mkono na kuuzungusha taratibu. Mwalimu anawaona na kuwaacha. Kengele ilipogongwa aliniambia, "Yule ni mtoto wa mama yake mdogo, Mwalimu. Nyumbani huyu mdogo hamsikii mtu ila huyo."

Ujuzi huo haufundishwi chuoni. Unapatikana kwa kukaa na watu. Kijana yule ana daftari la mahudhurio la serikali, lenye alama zake za aliyepo na asiyekuwepo. Ndani yake ametia kidaftari kingine, cha kwake, na mbele ya kila jina lenye utoro ameandika neno moja au mawili: "bani", "ng'ombe", "bibi mgonjwa", "hana sare", "kambini kwa baba". Kidaftari kile kina maana kuliko taarifa nyingi za kurasa arobaini nilizowahi kusoma. Mtoto wa "hana sare" anapelekewa shati la kaka yake aliyemaliza. Mtoto wa "bibi mgonjwa" anapelekewa kazi na jirani anayepita kwao. Kuhusu mtoto wa "bani", yaani banda la kukaushia tumbaku, mwalimu anakwenda kuzungumza na baba yake jioni, na anajua aende siku gani kwa sababu wanachota maji kisima kimoja.

Mwalimu wa mjini mwenye watoto mia katika mkondo mmoja hawezi kufanya hivyo, hata awe na moyo wa namna gani. Walimu wa Ng'ambo mnaonisikiliza mnalijua hili kuliko mimi. Mnasahihisha madaftari hadi usiku, na bado yupo mtoto anayemaliza darasa la tatu hajui kusoma, na hakuna aliyetambua, kwa sababu alikaa nyuma na alikuwa mpole. Katika shule ya watoto 140 mtoto wa namna hiyo anaonekana. Anaweza asisaidiwe, nitafika huko, lakini anaonekana.

Lugha nayo. Mtoto wa Ng'ambo anaingia darasa la kwanza na Kiswahili alichokinyonya nyumbani na kukisikia barazani. Mtoto wa kitongoji, hasa aliyekulia kwenye kambi ya wafugaji, anaingia na Kisukuma au Kinyamwezi, na Kiswahili chake ni cha kusikia redioni. Mwalimu anasema "chora mstari chini ya herufi", mtoto anamtazama mdomo. Kama mwalimu ametoka Kagera au Kilimanjaro, wote wawili ni wageni. Nimeona watoto wakiandikwa wazito wa kuelewa, na kumbe kilichokosekana ni miezi mitatu ya kuzoea lugha.

Hapa shule ndogo ina dawa yake yenyewe, ikitaka kuitumia. Mwalimu wa kike niliyemkuta Sikonge, mwenyeji wa Mbeya, aliwapokea darasa la kwanza mlangoni kila asubuhi ya majuma ya mwanzo kwa salamu ya kwao, "Mwangaluka", nao wakaitikia kwa sauti kubwa ya kwao, ndipo wakaingia na kusalimiana tena kwa Kiswahili. Alimtumia mwanafunzi wa darasa la sita kueleza maagizo, akampunguzia kazi ya zamu ili kumfidia. Ilipofika mwezi wa tano mkalimani alikuwa amerudi darasani kwake, hahitajiki. Katikati ya miaka ya 2010 mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kufika mkoani kwetu, ulijaribu jambo linalofanana na hilo kwa mpangilio: kijana wa kijijini, aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe, akawakusanya watoto waliokosa elimu ya awali na kuwapa hadithi, michezo na nyimbo za Kiswahili kwa majuma kadhaa kabla ya kuanza darasa la kwanza. Mradi ulikwisha. Vijana wale bado wapo vijijini, na kamati ya shule inaweza kuwaita kesho asubuhi.

Nisipambe. Ukaribu huu una upande wake mchungu, na mzazi wa kijijini anaujua. Shule ikiwa na walimu watatu na mmoja wao akawa mvivu, au mlevi, au mkali kupita kiasi, mtoto hana pa kumkwepa. Atakuwa naye darasa la pili, la nne na la saba. Katika shule kubwa mwalimu mbaya ni mwaka mmoja wa mtoto. Katika shule ndogo anaweza kuwa ndiye elimu yake yote. Vilevile, mwalimu mkuu akigombana na mwenyekiti wa kitongoji kwa ajili ya shamba au ng'ombe, ugomvi ule unahamia shuleni, mahindi ya uji hayaletwi, na watoto wa ukoo fulani wanaanza kubaki nyumbani. Mthibiti ubora wa shule anafika kwa nadra, kwa kuwa mbuga ni ile ile kwake pia.

Zaidi ya hayo kuna wasichana. Shule nyingi za namna hii hazina mwalimu wa kike hata mmoja. Binti wa darasa la sita anapoanza hedhi akiwa darasani, anafunga sweta kiunoni na kwenda nyumbani, na hakuna wa kumfuata. Anakosa siku nne, anakosa tena mwezi unaofuata, na hesabu za sehemu zinampita. Kiwango cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa shule ya watoto 140 ni matundu saba tu, kazi ambayo kijiji kilichojenga shule kinaiweza. Mwalimu wa kike hajengwi kwa tofali, lazima aletwe, na akiletwa awe na nyumba yenye mlango unaofungwa kwa ndani.

Nilisema nitazungumzia hesabu, na ndipo penye uzito wa maneno yangu. Nawaomba mnivumilie.

Kiwango cha walimu ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa shule ya watoto 1,400 hiyo ni kanuni ya haki, japo haitimizwi. Itumie kwa shule ya watoto 140: unapata walimu watatu. Karatasi ya ikama itasema shule hii haina upungufu. Ila shule ina darasa la awali na madarasa saba, jumla manane. Walimu watatu wakiingia darasani kwa pamoja, madarasa matano hayana mtu mbele. Hiyo ni siku njema, wote watatu wapo, hakuna aliyekwenda semina, hakuna mgonjwa, hakuna aliye likizo ya uzazi, mwalimu mkuu hakuitwa wilayani kupeleka takwimu. Siku ambayo mkuu ameitwa, watoto 140 wana watu wazima wawili. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unapunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita, na darasa la saba litakapoondoka shule hizi zitapumua kidogo. Kidogo tu, kwa sababu saba kwa watatu bado haigawanyiki.

Njooni kwenye fedha. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imehesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zinakwenda shuleni. Zidisha kwa 140: shilingi 840,000 kwa mwaka, yaani 70,000 kwa mwezi. Kwa hizo mnunue chaki, mchape mitihani, mrekebishe madawati, mnunue mpira, mlipe nauli ya kwenda wilayani. Shule ya watoto 1,400 inapata 700,000 kwa mwezi. Kwa kila mtoto ni sawa, shilingi kwa shilingi. Lakini fundi wa kurekebisha mlango haulizi shule ina watoto wangapi kabla ya kutaja bei. Bodaboda hapunguzi nauli kwa sababu shule ni ndogo. Kitabu cha kiongozi cha mwalimu kinahitajika kimoja kwa kila somo la kila darasa, liwe na watoto 15 au 150. Gharama za kuiwezesha shule kuitwa shule hazishuki pamoja na idadi ya watoto, na shule ndogo inazilipa kutoka kwenye mfuko uliogawanywa kwa kumi.

Serikali yenyewe imelikubali hili mahali pamoja. Ilipoanza kulipa posho ya madaraka kwa walimu wakuu, ilipanga shilingi 200,000 kwa mwezi kwa kila mmoja, shule kubwa au ndogo, kwa kuelewa kwamba ukuu wa shule una mzigo wake hata watoto wakiwa wachache. Ni uamuzi wa busara na siugusi. Naomba mtazame namba mbili tu kwa pamoja: posho ya mkuu 200,000, ruzuku ya shule yake nzima 70,000. Kanuni iliyompa mwalimu mkuu kiwango cha kuanzia inaweza kuipa na shule.

Hata matokeo ya mtihani wa darasa la saba yanazisumbua shule hizi kwa sababu ya hesabu. Shule ina watahiniwa tisa. Mmoja ameamka na malaria siku ya mtihani. Ufaulu umeshuka kwa asilimia 11 kwa homa ya mtoto mmoja, na mwalimu mkuu anaitwa kujieleza. Mwaka unaofuata wote wanafaulu na anapewa cheti cha pongezi. Mwalimu ni yule yule, ufundishaji ni ule ule. Baraza la Mitihani liliona ugumu huu zamani, ndiyo maana lilipokuwa likipanga shule kwa nafasi liliziweka zenye watahiniwa pungufu ya 40 katika kundi lao, na tangu Januari 2023 likaacha kutangaza kumi bora. Wilayani na katani, hata hivyo, bado tunapanga, bado tunabandika orodha ukutani. Kwa shule ya watahiniwa tisa tungetazama miaka mitano kwa pamoja, na tungetazama zaidi kama mtoto wa darasa la tatu anasoma.

Kisha kuna tumbaku, ambayo kwa wilaya zetu ndiyo kalenda ya kweli. Vitalu vinaandaliwa kabla ya mvua, miche inahamishiwa shambani Novemba na Desemba, na kuanzia Februari hadi Aprili ni kuchuma, kufunga majani kwenye fito na kukausha banini. Mwaka wa masomo unaanza Januari. Mtoto wa darasa la kwanza anapojifunza irabu, mikono yote ya nyumbani inahitajika shambani, na vidole vidogo ni hodari kwa kufunga majani kwenye fito. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa mtoto, na hii ni mojawapo: jani bichi lenye umande linapitisha nikotini kwenye ngozi, mtoto anapata kizunguzungu na kutapika, na mama anadhani ni malaria. Wazazi wangu, hili siwasemei wengine. Ninyi mlio mjini na mashamba mnayo kijijini, mnajua nani anayafanyia kazi. Mtoto aliyeandikwa "bani" kwenye kidaftari amepoteza majuma sita, nayo ni majuma ya kujifunza kusoma. Shule ndogo inaweza kuwarudisha wote wa namna hiyo mwezi wa tano kwa kipindi cha jioni, kwa kuwa inawajua kwa majina na inajua kila mmoja aliachia ukurasa gani. Inachohitaji ni mwalimu wa nne wa kubaki nao, na sufuria ya makande. Waraka wa elimu bila malipo haukumwondolea mzazi wajibu wa chakula cha mtoto wake, ingawa wapo wanaousoma hivyo. Hata matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni yanamfikisha mtoto saa nane, ila hayamfikishi saa kumi na moja.

Wapo wataalamu, na nawaheshimu, wanaosema suluhisho ni kuziunganisha: funga shule tatu ndogo, jenga moja kubwa katikati. Kwenye ramani inapendeza. Katikati ya ramani ile kuna mbuga, na mtoto wa miaka sita hawezi kuivuka Machi. Atasubiri afike miaka tisa awe na miguu ya kutosha, na akifika tisa atakuwa na ng'ombe wa kuchunga. Tulianzisha shule shikizi kwa kuwa tulikwisha kuliona hilo. Kuziunganisha ni kurudi tulikotoka.

Kuna nchi iliyochukua njia nyingine. Kolombia, huko Amerika ya Kusini, ina milima na mashamba ya kahawa yaliyotawanyika, na shule za mwalimu mmoja au wawili. Katikati ya miaka ya 1970 walimu na wataalamu wake, akiwemo mama Vicky Colbert, walianzisha mfumo walioupa jina la Escuela Nueva. Waliacha kulifanya darasa la mchanganyiko kuwa aibu ya kusubiri iondoke. Waliandika vitabu vya mwongozo ambavyo mtoto anaweza kuvifuata kwa hatua zake, akifanya kazi na wenzake wawili watatu, wakati mwalimu anazunguka. Mtoto aliyekwenda kuvuna kahawa akarudi anaendelea alipoachia, hakaririshwi mwaka. Watoto wakubwa wanawasaidia wadogo kwa utaratibu, na wazazi wanaletwa darasani na ujuzi wao wa kilimo na ramani ya kijiji. Baadaye serikali ya Kolombia iliufanya sera ya shule za vijijini. Mtaona kwamba binti yule wa Uyui aliyevuka mstari wa chaki alikuwa anafanya jambo hilo hilo bila kuambiwa. Tunacho tayari. Hatujakiandika, hatujakifundisha vyuoni, na mwalimu kijana anayelazimika kushika madarasa mawili anajiona ameshindwa, kumbe anafanya kazi yenye elimu yake kamili.

Nikitaja vyuo, sitasahau makazi. Mwalimu anayepangwa shule ya ndani anapanga chumba kwa mwanakijiji, analala na vitabu vya serikali kitandani kwa kuhofia mvua, na simu yake inapata mtandao juu ya kichuguu. Baada ya mwaka anaandika barua ya uhamisho, na anayeandika mara nyingi ndiye mwenye bidii. Ile nguvu ya kumjua mtoto inahitaji mwalimu akae miaka mitano au sita. Bila nyumba hakai. Ningekuwa na fedha ya jengo moja tu kwa shule ya namna hii, ningejenga nyumba ya mwalimu kabla ya darasa, na najua wengi hawatakubaliana nami.

Sasa tuombe nini, na kwa nani? Walimu wanaletwa na serikali kuu, na ombi letu kwake ni fupi: shule yenye madarasa kamili isishuke chini ya walimu watano, hata watoto wawe 100, na angalau mmoja awe wa kike. Vyuo vyetu vya ualimu vifundishe namna ya kushika madarasa mawili kwa wakati mmoja, na mwanachuo apelekwe mazoezi kwenye shule ndogo angalau mara moja. Haya tutayapigia kelele kupitia wabunge, na yatachukua muda.

Lakini lipo moja la hapa hapa, na wajumbe wa kamati pamoja na madiwani mlio ndani ya ukumbi huu mnaliweza kwenye bajeti ijayo. Kila shule ndogo ipewe na halmashauri kiwango cha kuanzia, shilingi milioni moja kwa mwaka, juu ya ruzuku ya kichwa. Kwa shule ya watoto 140 jumla itakuwa zaidi ya mara mbili ya inachopata leo. Itatosha posho ya kijana wa kusimamia darasa la jioni mwezi wa tano, vitabu vya kiongozi vilivyokosekana na fundi wa mlango. Halmashauri yenye shule 20 za namna hii itatoa milioni 20. Ni bei ya chumba kimoja cha darasa cha mwaka 2021, chumba kimoja kwa shule ishirini.

Mkiulizwa fedha itoke wapi, jibu liko kwenye vitabu vya mapato vya halmashauri zenyewe. Kila msimu tumbaku inayouzwa inatozwa ushuru wa mazao, asilimia 3 tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2017, na ushuru ule unabaki halmashauri ilikolimwa. Katika majani yale yamo yaliyofungwa kwenye fito na watoto walioandikwa "bani". Ombeni milioni 20 zitengwe kutoka kwenye ushuru huo, kifungu kiandikwe kwa jina lake ili kisihamishwe katikati ya mwaka, na mwalimu mkuu wa kila shule apewe nakala.